Spika Zilizotazama Ukuta

Juzi jirani yangu hapa Manyamanyama, Bunda, aliniletea spika ya zamani nimkagulie. Alipiga hodi, akaingia nayo kifuani kama aliyebeba mtoto mzito, akaitua pembeni ya kabati, uso wake ukielekea ukutani. Hata kumkaribisha sikumkaribisha. Nilisema, "Geuza!" kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. Akaigeuza haraka huku akicheka, akaniuliza kama kuna mdudu. Nikamwambia hakuna mdudu, vuta kiti. Lakini sababu yenyewe sikuweza kumweleza, maana amehamia Bunda juzijuzi na hajui nyumba niliyolelewa. Wewe nitakueleza.

Nyumba yetu ilikuwa Mwisenge, mjini Musoma, karibu na ziwa kiasi kwamba upepo ukibadilika harufu ya dagaa walioanikwa ilitufuata mpaka kitandani. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye machimbo ya Buhemba na alikuja nyumbani mwisho wa juma. Siku moja alirudi na lori. Juu yake kulikuwa na spika mbili ndefu za mbao, amplifaya yenye uso wa fedha, na mashine ya santuri iliyofungwa kwa blanketi. Mzungu mmoja wa mgodini alikuwa anafungasha arudi kwao, akawa anauza vitu vya nyumbani. Wenzake baba waligombania friji na majiko. Baba akachagua muziki. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akalizunguka lile lori taratibu, akauliza friji iko wapi. Baba alianza kufungua kamba bila kuinua kichwa.

Alitusimulia mara nyingi jinsi alivyochagua, na kila mara alisimulia kana kwamba hatujawahi kusikia. Kwanza alinusa mgongo wa sanduku, kwa sababu mbao iliyokula unyevu hunuka kama gunia la zamani. Kisha akaibonyeza ile karatasi nyeusi ya duara inayotoa sauti kwa ncha za vidole, polepole, kulia na kushoto kwa pamoja, akisikiliza kama inakwaruza ndani. Amplifaya hakuiwasha kwanza. Aliinyanyua. "Ikiwa nyepesi, iache hapohapo," alikuwa akisema. "Uzito wake ni transfoma, na transfoma ndiyo moyo." Leo watu wa hapa Bunda wananiletea vitu vyao vya zamani, nami nanusa, nabonyeza, nanyanyua, na wananiona mtaalamu. Sijawahi kuongeza hata neno moja la kwangu.

Mama alinuna kwa muda, lakini hakudumu. Jumapili tukitoka kanisani, baba alivua shati, akabaki na fulana, akaketi kwenye kiti chake katikati ya spika mbili, mahali ambapo alisema mwimbaji anakuwa amesimama mbele yako kabisa. Madirisha yalifunguliwa ili majirani nao wapate. Jikoni kulikuwa na sato wa nyanya na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, ule mweusi unaovutika. Dansi la zamani likipigwa, yule mama aliyetaka friji ndiye alikuwa wa kwanza kutikisa mabega. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao gitaa linabaki peke yake kabla waimbaji hawajarudi. Hapo mama alikuwa anaacha kila kitu, anakuja kusimama mlangoni na kufumba macho. Tumekula mboga zilizoungua Jumapili nyingi kwa sababu ya gitaa lile, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Sasa sikiliza desturi ya nyumba yetu, kwa sababu sijaikuta kwingine. Mtu akifa mtaani kwetu, mama aligeuza spika zikatazama ukuta. Nyumba nyingine zilizima redio tu. Mama alisema kuzima haitoshi, maana kitu kilichozimwa kinaweza kuwashwa na mtoto asiyejua, lakini spika ikishakupa mgongo umeelewa. Tulikuwa tunarudi kutoka shule, tunachungulia sebuleni, tunaona migongo ile yenye waya nyekundu na nyeusi, na hapohapo tunashusha sauti. Tuliuliza kwa kunong'ona, "Nani?" Ndivyo tulivyokuwa tunapata habari za misiba.

Na hazikurudishwa na sisi. Matanga yakiisha, mama alimwalika mfiwa chai. Baba alimuuliza, "Tugeuze?" Mfiwa akiona moyo wake umetulia kidogo, aliweka mkono juu ya sanduku, akasema geuzeni, na alichagua wimbo wa kwanza. Akisema bado, basi bado, hata kama ni majuma. Baba aliyependa muziki namna ile alikuwa anakaa kimya kumsubiri mtu wa nyumba nyingine.

Ila alikuwa haketi bure. Spika zikigeuzwa, migongo inakuwa wazi, na baba alisema huo ndio wakati wa kuzihudumia. Mimi, kwa kuwa ni mkubwa, ndiye nilikuwa msaidizi wake. Tulifungua skrubu, tukatoa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi na kujaa kila tundu. Tulitumia unyoya wa kuku, kwa sababu brashi ni ngumu kwa karatasi. Tulichuna ncha za waya mpaka shaba ing'ae. Tulipandisha masanduku juu ya matofali, mchwa wasipate njia. Kitufe cha sauti kilichokuwa kinakoroma tulikisafisha kwa spiriti, tukikizungusha huku na huku. Mwisho ndiyo ilikuwa starehe yangu: baba alinipa betri ya tochi na kuniruhusu niguse nayo zile waya mbili. Karatasi nyeusi iliruka mbele, pu! "Inavuta pumzi," baba alisema. Kisha ile nyingine. Zote lazima ziruke upande mmoja. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, basi zinagombana, na mwimbaji anapotea katikati.

Nilipenda kazi ile kuliko mchezo wowote. Na kwa kuwa ilifanyika wakati wa msiba tu, unaelewa mtoto alifika wapi. Nilianza kusubiri watu wafe.

Nimeandika sentensi hiyo na kuitazama. Sikumtakia mtu mabaya, nakuapia. Lakini nilikuwa nahesabu wagonjwa wa mtaa kama mtu anayetazama mawingu ya mvua. Nyumba ya pili aliishi fundi cherehani, mzee mpole aliyetugawia vipande vya vitambaa tukashona nguo za midoli. Alipolala kitandani, mama alikuwa ananituma nimpelekee uji wa ulezi. Nilikuwa nasimama pale nikiwa na kikombe, namtazama mashavu yalivyozama, na mawazo yangu yako kwenye kisanduku cha bisibisi. Mzee alikunywa, akanishukuru, akaniuliza habari za shule. Siku niliporudi nikaona migongo, moyo wangu uliruka kwa furaha kabla ya kuuliza nani. Nilijua nani.

Matanga yalipoisha, mkewe alikuja kunywa chai na viazi vitamu. Baba akamuuliza, "Shemeji, tugeuze?" Yule mama aliweka kiganja juu ya sanduku, akakiacha hapo mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Geuzeni tu. Alikuwaga anaipenda hii redio yenu kuliko ananipenda mimi." Watu wazima wakacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilikuwa nyuma ya sanduku, nasukuma. Akanishika kichwa. "Asante, mama. Ulikuwaga unamletea uji wake bila kumwaga." Sikujua pa kuweka macho. Mpaka leo nikishika unyoya wa kuku, kiganja chake nakisikia utosini.

Baba aliona kitu usoni kwangu, ingawa nadhani hakujua ni nini. Jioni hiyo, tukikusanya vifaa, alisema kwa mzaha, "Siku yangu ikifika, mama yenu atazigeuza. Na wewe mkubwa ndiye utazirudisha, maana wewe ndiye unayeijua migongo hii." Mama akamwambia aache kuongea upuuzi mbele ya watoto. Lakini alisikia, na mama yangu akishasikia kitu hakisahau.

Nikakua, nikapata kazi ya ofisi Bunda, nikajenga hapa Manyamanyama. Kutoka hapa hadi Mwisenge si safari ya kumtisha mtu. Unapanda gari asubuhi, unamaliza shughuli, unarudi kulala kwako. Ukubwani nilianza kukusanya: amplifaya iliyotupwa na baa, spika za padri aliyehamishwa, santuri zilizokuwa zinafunikia mitungi. Jumapili, baada ya kanisa, nafungua madirisha na kupiga. Majirani wamezoea. Kiti nimekiweka katikati kama baba alivyokiweka.

Kisha baba akafa. Nilipofika Mwisenge, kitu cha kwanza kuona sebuleni ilikuwa ile migongo, na safari hii sikuuliza nani. Siku ya kumaliza matanga nyumba ilijaa ndugu mpaka kutoka Butiama. Jioni, wageni walipopungua, mama alipita mbele yangu na kikombe cha chai, akakiweka mkononi mwangu, akasimama. Nilijua ananisubiri nigeuze. Nikamwambia, "Mama, leo watu wengi, nitakuja tufanye kwa utulivu." Akaitikia, "Haya, mwanangu." Chai niliinywa haraka, ikaniunguza ulimi.

Sikurudi kwa utulivu. Nilirudi kwa haraka, na unga, na sukari, na dawa zake za presha. Tulikaa jikoni. Sebule ilikuwa imefungwa, naye hakuitaja, nami sikuomba ufunguo. Nilijiambia atakuwa amezigeuza mwenyewe, au mdogo wangu amezigeuza, au kwamba ule ulikuwa mzaha tu wa marehemu. Ukweli ni kwamba niliogopa kuzisikia zikiimba na kile kiti kitupu. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Nikawa hodari wa kufufua mashine za watu wengine.

Mama alikuwa ananipigia simu kila Jumapili mchana. Tulisalimiana, nikamuuliza miguu, akasema inauma kidogo, kisha akanyamaza. Kimya kirefu. Nilidhani ni uzee, au mtandao, au hana la kusema. Mara nyingine nilipunguza muziki ili nimsikie vizuri, akasema haraka, "Acha tu, usipunguze." Na mara nyingi zaidi nilimwambia, "Mama, unamaliza salio bure. Kata, nitakupigia jioni." Naye alikata, mtiifu kama mtoto aliyekaripiwa. Jioni nilipokumbuka, nilimpigia. Nisipokumbuka, basi.

Jumamosi moja nilifika Mwisenge nikamkuta hayupo, ameenda sokoni. Mjane wa fundi cherehani alikuwa kibarazani kwetu, anachambua dagaa. Amezeeka sana, lakini mdomo ni uleule. Hakunipa hata maji ya kunywa kabla ya kuanza kulalamika.

"Wewe, ule muziki wako wa Jumapili iliyopita uliukata katikati. Tulikuwa tumekaa vizuri kabisa."

"Muziki gani, mama?"

"Si huo wa kwenye simu. Mama yako anakupigiaga, mkishasalimiana anaweka simu ndani ya sufuria ili sauti itoke kubwa. Tunakaa hapo jikoni tunasikiliza. Kuna wimbo wa gitaa anausubiriga huo, lakini wewe unakataga kabla haujafika."

Nikamuuliza kwa nini mama asipige muziki hapa, nyumbani kwake. Swali la kijinga, nililiuliza ili nipate muda wa kupumua.

Akaacha dagaa, akanitazama. "Apige vipi, na spika zimelala? Nilimwambia nigeuze mimi, akakataa. Anasema ni kazi yako, baba yako alisemaga. Hata kuja kwangu kusikiliza redio hataki, anasema msiba wake haujaisha. Ila muziki wa kwako uko Bunda, haumo ndani ya nyumba yake, kwa hiyo huo anajiruhusu."

Nilikaa chini pale pale, kwenye magamba ya dagaa. Mimi niliye na spika kila kona ya nyumba, mama yangu alikuwa anasikiliza muziki ndani ya sufuria.

Aliporudi sokoni nilimwomba ufunguo wa sebule. Alinitazama kidogo, akaufungua kutoka kwenye pindo la kanga. Ndani mlinuka, na pua yangu ikaijua harufu kabla sijataka kuijua: gunia la zamani. Ukuta ule ndio unaopokea unyevu wa ziwa. Niliweka mkono juu ya sanduku la kwanza, na mama akasimama mlangoni, mahali pake palepale pa siku zote. Hakuwepo wa kuniuliza tugeuze. Ikabidi nijiulize mwenyewe na kujijibu.

Nilizigeuza. Karatasi ya spika ya kulia ilikuwa imeota ukungu, na ule ukingo wake wa sponji niliougusa kwa kidole ukadondoka sakafuni kama majivu. Nikaomba betri ya tochi. Spika ya kushoto iliruka, pu, pumzi fupi ya mgonjwa. Ya kulia haikutikisika. Nikagusa tena. Nikasugua waya, nikagusa tena. Unajua ninachowaambia watu wote wanaoniletea vitu vyao? Ziimbisheni, hata kidogo, kila wiki, na msiziache zikagusa ukuta. Mashine hizi haziuawi na kazi, zinauawa na kukaa. Nimesema hayo mpaka sauti ikanikauka, na za baba yangu niliziacha zikaoza mbele ya mama yangu.

Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakagongana. Mama alikuja akapangusa vumbi usoni mwa ile iliyokufa kwa ncha ya kanga. "Hata hivyo zinatutazama," akasema. Kisha akaniuliza kama nitakula kabla ya gari.

Nilizichukua zote mbili nikaja nazo Bunda. Ziko mezani, zimefunguliwa, nasubiri sponji mpya kutoka Mwanza. Ile ya kulia huenda ikapona, huenda isipone. Na hata ikipona, haitarudi kwenye mtaa ule nilioujua. Muziki wa siku hizi Mwisenge unapita na bodaboda, unaingia dirishani na kutoka kabla hujajua ni wimbo gani. Cherehani ya mzee iliuzwa. Kile kiti cha baba kimebaki na alama mbili sakafuni mbele yake, mahali matofali yalipokaa. Msiba ukitokea siku hizi, watoto wanaambiwa kwa ujumbe wa simu. Hakuna migongo ya kuchungulia.

Usiku ule niliporudi nilijihukumu. Niligeuza spika zangu zote zikatazama ukuta, nikaapa hazitaimba mpaka za baba ziimbe kwanza. Niliona nimefanya jambo la heshima. Jumapili iliyofuata nikakaa sebuleni, nimezungukwa na migongo, na simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za kwako?"

"Nzuri. Miguu?"

"Inauma kidogo." Kisha nikasikia mlio mdogo wa bati. Alikuwa ameitua simu ndani ya sufuria. Akasubiri. Nami nikakaa kimya, nikiwa na adhabu yangu nzuri, mpaka nikasikia ameichukua tena na kuileta mdomoni.

"Mbona huko kimya?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nani amekufa?"

Nilikuwa nimemnyima muziki wa nyumbani kwake, na sasa nilikuwa nimemnyima hata kile kidogo cha kwangu, na kwa kujiona mwema.

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi geuza."

Niligeuza. Nilizisukuma moja baada ya nyingine, nikachomeka waya, nikaweka santuri ile, nikaongeza sauti. Simu niliiweka juu ya kiti cha katikati, mimi nikakaa sakafuni. Waimbaji waliimba wakanyamaza, gitaa likabaki peke yake, na nikawaza ni mara ngapi nilimwambia akate kabla ya kufika hapa. Kwa mbali, kutoka ndani ya sufuria, nikamsikia mjane akisema mboga inaungua. Mama hakumjibu.